Karatasi Mbili za Pobjoy

Jumatatu, 2 Februari 1981

Daktari kaja. Kanigongagonga kifua kama fundi anayepima pipa. Anasema moyo umechoka. Nikamuuliza umechoka kiasi gani, akaanza kuisifu bustani yangu. Bustani yenyewe ni mawaridi matatu yaliyokauka. Basi nimeelewa.

Miaka themanini na miwili. Kapteni mstaafu wa jeshi la majini, nishani tatu, meno ya bandia. Nimeanza kupanga mambo. Suti ya kuzikiwa — ipo. Wosia — upo. Nyimbo za kanisani nimechagua fupi. Wazee wenzangu hawawezi kusimama muda mrefu. Imebaki barua moja tu.

Nakala yake imo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda tangu Februari 1946, miezi michache baada ya vita. Nimeichoma mara nyingi sana, kichwani.

Alhamisi, 5 Februari

Pobjoy, ofisa wangu wa zamani, kaja saa nne kasoro dakika tano. Kila Alhamisi ni hivyo. Jeshini ukifika kwa wakati umeshachelewa. Ana miaka sabini na mitano na bado ananiita afande. Macho yangu yamekufa nusu — haya nayaandika kwa lenzi, kwa herufi za mtoto wa darasa la kwanza — kwa hiyo yeye hunisomea kila kilicho mezani, kwa mpangilio niliouweka, bila kuruka hata tangazo la dawa ya bawasiri.

Halafu chai na mkate mdogo. Akaukata kwa kisu. Mezani kwa maofisa mkate ule humegwa kwa mkono, na mtoto wa bwana mkubwa huzaliwa akilijua hilo. Baba yake Pobjoy alikuwa fundi viatu mjini Chatham. Kwao mkate ulikatwa ili uwatoshe watu tisa.

Kaniambia amekitilia kioo kipya kile cheti nilichompa. Kimetundikwa sebuleni kwake, juu ya redio.

Sisi makapteni tulikuwa na karatasi mbili. Ofisa akihama manowari yako unampa cheti kidogo: amefanya kazi kwa kuniridhisha kabisa. Anakibeba, anamwonyesha mkewe. Kisha unaandika ya pili kwa siri, inakwenda London, na hiyo haioni maisha yake yote. Ya kwanza ni pipi. Ya pili ndiyo meno.

"Cheo sikupata, afande," akasema, "lakini neno lako ninalo."

Nikakohoa dakika nzima. Akaniletea maji.

Ijumaa, 6 Februari

Niandike basi, kabla moyo haujaniwahi.

Vita vilipokwisha nafasi zilikuwa chache kuliko maofisa. Toby, rafiki yangu wa makao makuu, akaniuliza kirafiki, nje ya mafaili: nafasi moja ya ukamanda, Pobjoy au Lumley? Lumley alikuwa binamu ya mke wangu. Alijua divai na alikuwa na mguu mzuri wa kucheza dansi. Baharini alitapika kuanzia hapa hadi Gibraltar.

Nikajibu kwa mkono wangu: "Pobjoy ni hodari wa kazi, lakini hafai kupewa manowari. Hukata mkate kwa kisu, na siku akiketi na mabalozi atatuaibisha. Mpe Lumley."

Majina ya waliopanda cheo yalitoka gazetini kila mwisho wa Juni na mwisho wa Desemba. Pobjoy alifungua gazeti mara nane. Baadaye akapitwa na umri, akaenda kuuza rangi za kuta.

Na mkate haukuwa sababu. Hilo ndilo sijamwambia hata kasisi, ingawa yeye angesamehe chochote mradi apate kinywaji. Mwaka 1942, tukisindikiza meli za mizigo kwenda Urusi, torpido la Wajerumani liling'oa omo yote, pua nzima ya manowari. Mimi, kapteni, nilikaa sakafuni, nikakumbatia magoti, nikawa namwita mbwa wangu wa utotoni. Pobjoy alinifunika blanketi. Akawaambia mabaharia kapteni kaumia mbavu. Akairudisha manowari kinyumenyume, kwa muda wa saa kumi na tisa, hadi bandarini. Nishani nikavaa mimi. Hakumwambia mtu.

Mtu wa namna hiyo unamlipa nini? Mimi nilimlipa kwa kuhakikisha sitakutana naye kwenye ngazi za juu.

Jumatano, 11 Februari

Nimeitoa barua sandukuni. Nimeiweka mezani, kati ya tangazo la kanisa na orodha ya mbegu za bustani. Ataisoma kwa zamu yake. Nimeongoza manowari tatu, na sasa najificha nyuma ya kabichi.

Alhamisi, 12 Februari

Tangazo la kanisa likaisha. Akachukua barua. "Mpendwa Toby, kuhusu ile nafasi ya ukamanda…" Sauti ileile ya kusomea habari za hali ya hewa. "Pobjoy ni hodari wa kazi." Akatua.

Akaendelea: "Amefanya kazi kwa kuniridhisha kabisa."

Maneno ya cheti! Hayamo kwenye barua ile, naijua kama sala. Akaikunja. Akasoma kabichi zote, na karoti.

Kwenye chai aliumega mkate kwa mkono. Vipande vidogo vidogo, safi, kama mtoto wa bwana mkubwa. Hakula hata kimoja.

Jumamosi, 14 Februari

Barua haipo mezani. Kaondoka nayo.

Bi. Quilter, muuguzi wangu, anauliza mbona sili. Nikamwambia ni uji wake. Alinuna, lakini angalau mtu mmoja nimemwambia ukweli wiki hii.

Je, alinisamehe, au alinizaba kofi? Lumley angejua. Watu wa mezani hujua mambo hayo.

Alhamisi, 19 Februari

Saa nne kasoro tano — kimya. Saa nne kamili — kimya. Saa nne na robo ndipo lango likalia. Miaka yote hii hajawahi kuchelewa.

Hakuvua koti. Aliweka barua mezani, na juu yake akaweka lenzi yangu.

"Leo utasoma wewe, afande. Kwa sauti."

Nikasema macho hayafai.

"Mwandiko ni wako." Akanisogezea kiti karibu na dirisha, polepole, kama siku zote. "Ile ya mkate siiamini. Soma mpaka ufike kwenye sababu."

Kisha akaenda kuchemsha maji. Ndiyo maana nina nafasi ya kuandika haya. Sababu haimo kwenye karatasi, na yeye anajua haimo. Itabidi nitamke blanketi. Itabidi nimtaje na yule mbwa.

Birika limeanza kuimba. Droo imevutwa. Kisu kinagusa ubao — anakata mkate, taratibu, wa watu wawili. Nimeshika lenzi. Mstari wa kwanza nauona vizuri kupita kiasi.