Pua Yangu, Tumbo Langu

Dada mpenzi,

Natumaini unapoifungua barua hii goti lako limetulia, shemeji hajambo, na wanao wanakusumbua kwa kiasi tu. Sisi huku tuko salama. Mume wangu ameinamia meza yake ya kutengeneza saa na ananiambia nikusalimu sana. Mimi nimetimiza miezi mitano na nusu, tumbo sasa linanitangulia mlangoni, na aliyemo anapiga mateke hasa.

Nimechagua kuandika kwa sababu kwenye simu unanikatiza, nami naishia kusema ndiyo dada, sawa dada, kama enzi zile unanifunga kamba za viatu. Leo utanisikiliza mpaka nimalize.

Kazi yangu unaijua: kutunza nyasi za uwanja wa mpira. Mzio wangu pia unaujua. Nyasi zikichanua, chavua inapeperuka na mimi nageuka bomba bovu; pua inamwagika, macho yanavimba, koo linawasha hadi ndani ya masikio. Mwaka huu, pamoja na mimba, mambo yalizidi. Ukaniambia nivumilie, nisitie kitu mdomoni, tena niache kazi nikae ndani, maana hatutaki kurudia ya miaka miwili iliyopita. Kazi sikuiacha, ila mengine nikakutii. Nilivumilia wiki tatu, dada. Nililala nimekaa kitako, nimeegemea mito mitatu, napumua kwa mdomo hadi midomo ikapasuka.

Jumanne moja asubuhi nilikuwa juu ya mashine ya kukatia nyasi. Chafya zikanijia mfululizo, kumi au zaidi, macho yakafumba yenyewe. Nilipoyafumbua mashine ilikuwa imekwisha kuing'oa bendera ya kona na inaelekea ukutani. Msimamizi wetu, tunayemwita Nahodha kwa kuwa hata chai anaitangaza kwa filimbi, alirukia ufunguo akazima. Kifua changu kilikuwa kinapiga miluzi. Hapo niliogopa kweli.

Mume wangu alinipeleka kliniki. Mkunga alinisikiliza kifua, akampima mtoto, akasema mtoto yuko sawa, ila mimi siko sawa. Nikamweleza kwamba dada yangu ameniambia nivumilie. Akaniuliza kama dada yangu ni mkunga. Nilicheka mpaka nikapiga chafya tena. Akasema mtoto anapata pumzi yake kupitia kwangu, kwa hiyo kukesha na kubanwa kifua siyo ushujaa. Akaniitia daktari, nikawamwagia maswali yote niliyokuwa nimeyabana kwa kukuheshimu wewe.

Vidonge vya kuzibua pua nilivyokuwa navyo kwenye mkoba daktari aliviweka kando, akasema hivyo hapana, na nisinunue chochote dukani kwa kubahatisha. Akaniandikia dawa ya kupuliza puani na aina moja ya kidonge, kwa kipimo chake, akaeleza kwamba wajawazito wengi wamezitumia na hazijaonekana kudhuru. Kila wiki mbili anakiangalia kifua changu. Mkunga naye akanifundisha kuosha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Nikitoka kazini nabadili nguo mlangoni na kuosha nywele. Madirisha ya chumbani tunayafunga wakati wa chavua nyingi, na mume wangu analalamika kwamba tunaishi ndani ya saa. Lakini nalala, dada. Nalala kwa ubavu wa kushoto kama gogo!

Kazi sijaacha na siachi. Nahodha alitaka kunikalisha getini nichane tiketi. Nikamwambia nyasi zile nimezilea mwenyewe tangu zikiwa vipara, atafute mwingine wa kukata, mimi nitapanga umwagiliaji na kunyoosha mistari, tena nikiwa nimevaa barakoa. Akapuliza filimbi, akaenda zake. Kesho yake mashine alikabidhiwa mwenzangu, na mimi nikakabidhiwa mabomba.

Sasa sikiliza hili, na ukitaka kukaa, kaa.

Mimba ile ya kwanza ilipotoka, ulikuta pakiti ya vidonge vya mafua kando ya kitanda changu. Ukasema mbele ya wote kwamba nimemponza mwanangu kwa kutoweza kuvumilia pua. Nikainamisha kichwa, nikakubali. Dada, sikumeza hata kimoja. Nilivinunua, nikaviogopa, nikaviacha. Ile pakiti ilikuwa haijafunguliwa, hukuigeuza ukaona. Daktari alikwisha kuniambia kwamba hakuna sababu iliyoonekana, kwamba hutokea, na hakuna wa kulaumiwa. Sikuweza kulibeba jibu hilo. Lawama yako angalau ilikuwa na umbo, nikaishika. Mume wangu alitaka kusema, nikamkataza. Kwa miaka miwili nimekuacha uamini uongo, na hilo ni kosa langu, naomba unisamehe. Lakini kwa kosa nisilolifanya siombi msamaha tena, wala sitalea mimba hii nikiwa mshtakiwa.

Kwa hiyo dawa nitatumia kama nilivyoelekezwa, uwanjani nitaenda, na ukitaka kuuliza neno, twende kliniki pamoja ukamuulize daktari. Mimi uniulize tu kama nimelala vizuri.

Nisalimie shemeji, mwambie saa yake ya ukutani imepona na aje mwenyewe kuichukua, maana ni nzito. Wabusu watoto wote, hata yule asiyependa kubusiwa. Na wewe njoo, hata wiki hii. Ukiwa na hasira, njoo nazo. Ukiwa na machozi, njoo nayo pia. Yule wa kwanza hatujawahi kumlilia pamoja.

Mdogo wako,
Kitinda mimba