Pambio la Kukanyagia Ndizi

Kamuli, Kyerwa,
Kagera.
Jumapili, 22 Juni 2025

Mpendwa kaka yangu Apolinary,

Shikamoo kaka. Wifi Sperancia hajambo? Na watoto wanaendeleaje na hilo baridi la Tunduma? Huku nyumbani miili yetu mizima. Goti la Mama limepoa tangu alipoanza kulichua kwa mafuta ya nyonyo, siku hizi anakwenda misa ya kwanza kwa miguu na akirudi analalamikia mahubiri tu, goti halitaji. Kahawa imeiva vizuri, mvua ilituachia mapema. Mshukuru Mungu pamoja nasi.

Mimi mwenyewe, nisikufiche, situlii. Hii ni karatasi ya pili. Ya kwanza nilikuamkia, nikauliza habari za mtu mmoja mmoja mpaka nikasahau nilichotaka kusema, nikaitia motoni.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Kaka, kwenye simu nikifika tu kwenye neno rubisi, hiyo pombe yetu ya ndizi, unasema mtandao unasumbua. Karatasi haina mtandao. Tena anakuletea Uwizeye, yule dereva wa lori la maharage, na nimemwambia asiondoke hapo kwako bila jibu hata akichelewa mzigo.

Siku ya Pasaka ulisikia kelele nyuma yangu ukanitania: "Dada, siku hizi unasikiliza muziki gani huo?" Nilikuahidi kukujibu siku nyingine. Zile zilikuwa kelele za spika ya Clavery, zimeshapita. Ninayemsikiliza sasa ni wewe.

Nasema kweli. Lile pambio ulilomtumia Benjamin kwenye simu kumpongeza kwa uchumba wake, ukiimbisha na vijana wa kanisa lako, nimelichukua. Nalipiga nikimenya ndizi, nalipiga nikienda kisimani, nalipiga nikipalilia. Jirani ameniuliza kama nimehama parokia. Mama anasema ipo siku nitaokoka bila kujua.

Sababu yake ni ndefu kidogo, kaa vizuri.

Unajua mdogo wetu Benjamin ameposa kwa Mzee Polikarpi wa Bweranyange, kwa binti yake Vero. Usichojua ni aibu tuliyoipata mwezi wa tano, maana wote waliapa hawatakuambia. Mimi sikuapa, nilikuwa jikoni. Mzee Polikarpi si mtu wa kupelekewa kreti za bia. Alisema anataka rubisi iliyokanyagwa na miguu ya nyumba yetu, kama yeye alivyowapelekea wakwe zake. Haki yake. Tukachimba shimo, tukavundika ndizi, tukausugua mtumbwi wa Baba wa kukamulia ndizi mpaka ukanuka mti mpya. Siku ya kukanyaga ikafika, vijana wamepanda mtumbwini, nyasi zimetandazwa, halafu kila mtu akamtazama mwenzake. Nani aimbishe?

Tangu Baba afariki uliimbisha wewe. Tangu uokoke, wimbo wa mtumbwi hutaki hata kuusikia. Baba mdogo Rwegoshora kifua hakimruhusu, akifika mstari wa pili anakohoa mpaka machozi. Sauti yangu unaijua, kwenye kwaya walinipa kazi ya kushika vitabu. Basi Clavery, mwana wa baba mdogo, akasema ya nini kusumbuka, akaleta ile spika yake, akapiga singeli.

Kaka, ungecheka kama usingelia. Miguu ilianza kukimbia. Huyu anaruka, yule anazunguka, Benjamin mwenyewe, bwana harusi mtarajiwa, ananengua kiuno katikati ya ndizi. Wewe unajua ndizi na nyasi zinavyotaka mguu mzito, unaoshuka taratibu, wote kwa pamoja, mpaka maji yajitenge. Wao walizipondaponda zikawa uji. Tulikamua tukapata kidogo, kizito, na Clavery akaongeza maji ya kisima akidhani hakuna aliyemwona. Nilimwona.

Mzee Polikarpi alikunywa funda moja. Akafuta mdomo. Akauliza kwa upole kabisa: "Ndizi hizi mlizikanyaga au mlizichezea?" Akaweka kibuyu chini, akauliza tena: "Na mkubwa wenu yuko wapi?" Baba mdogo akasema uko kazini, mbali. Mzee akatikisa kichwa. Alisema hamkatai Benjamin, ila binti yake hamtoi aende nyumba ambayo ndugu wameshindwa kukanyaga mtumbwi mmoja. Akatupa nafasi moja ya kurudi, Jumamosi ya tarehe mbili Agosti. Njia nzima ya kurudi Benjamin alitembea mbele peke yake, na unajua mtoto yule anavyopenda maneno.

Ngoja kidogo, kuku wameingia kwenye kahawa.

Nimerudi. Hata nikikaa, miguu inataka kusimama. Ndivyo nilivyo wiki hizi, nachukua jembe naliacha, nachukua ufagio nauacha. Benjamin naye hali vizuri. Kila asubuhi anakwenda kuitazama ile migomba ya pombe, sijui anafikiri itatoroka.

Sasa kuhusu pambio. Siku moja nilikuwa nachuma kahawa, simu nimeifunga kwenye pindo la khanga, wewe unaimbisha humo. Mama amekaa chini anachambua punje mbichi. Akaninyooshea kidole, akasema: "Evaresta, mbona unachuma kahawa huku unakanyaga ndizi?"

Nikatazama miguu yangu. Kweli, kulia, kushoto, nzito, pamoja na lile tuo la pumzi kabla mguu haujashuka. Nikalirudia pambio kutoka mwanzo. Kaka, maneno ni ya Bwana, sibishi, lakini mwendo ni wa Baba. Hata ule mguno mfupi aliokuwa anautia vijana wakichoka, umo, na vijana wako wa Tunduma wanauitikia bila kujua umetoka mtumbwini Kamuli.

Nililia nikiwa nimeshika tawi la kahawa. Nilikuwa na hasira na wewe miaka yote hii, nilifikiri ulipookoka ulituweka sisi na Baba kwenye mfuko mmoja ukautupa. Kumbe ulimbeba ukaenda naye kanisani. Mama hakuniuliza ninalilia nini. Alisema tu nirudishe ule wimbo mwanzo, na yeye asikie.

Sasa hapa usipasuke. Jumamosi iliyopita tuliazima mtumbwi mdogo, tukafanya majaribio. Clavery akaweka spika ukingoni, tukapiga pambio lako. Ndiyo, tumekanyagia ndizi za rubisi pambio la Bwana. Ukasirike ukimaliza kusoma, kwanza sikiliza. Vijana walishuka pamoja, miguu yote mguu mmoja. Baba mdogo Rwegoshora alikuwa amekaa kwenye kigoda, akaanza kugonga ubavu wa mtumbwi kwa fimbo na hakukohoa hata mara moja. Maji yakajitenga, ya dhahabu, mepesi, hayana uji. Mama aliyaonja kabla hatujatia mtama wa kuyachachusha, akasema: "Haya ni ya Apolinary." Akaingia ndani akafunga mlango.

Kwa hiyo tumepata dawa, utasema, niwaacheni na spika yenu. Hapana. Pambio ni fupi. Likiisha, simu inakaa kimya kabla ya kuanza upya, na vijana wanabaki mguu mmoja juu, wanatazamana kama kuku walionyeshewa mvua. Tena mmoja akiteleza simu haimsubiri, inaendelea tu. Ule mdogo tuliumaliza kwa taabu. Mtumbwi wa Baba ni mkubwa, unataka mtu anayeiona miguu, anayejua nani amechoka na nani anajidai. Simu haioni miguu, kaka.

Kwa hiyo naomba uje. Fika Jumatano, tarehe thelathini Julai, tukanyage Alhamisi asubuhi. Sikuombi wimbo wa Baba kama roho yako haitaki. Imba pambio lako na maneno yako yote matakatifu, hakuna atakayegeuza hata moja, nitakaa hapo na mwiko. Na kumbuka kitu kimoja ambacho hasira inakusahaulisha: mpaka miguu inapotoka mtumbwini, yale ni maji ya ndizi tu. Mchungaji wako mwenyewe angeomba kikombe cha pili. Mtama tutautia sisi, baadaye, wewe ukiwa umeshaoga na umekaa ndani na Mama unakunywa chai. Jumamosi utakwenda nasi Bweranyange, utaketi mahali pa Baba na soda yako mkononi. Hakuna atakayekulazimisha. Nimeshamwonya Clavery.

Benjamin hajui kuwa nakuandikia. Anasema usisumbuliwe, una imani yako. Anayasema huku ameinama, akifunga kamba za viatu ambavyo vimefungwa tayari. Mimi nasema imani yako naiheshimu, ila mtoto uliyemfundisha kutembea hawezi kwenda ukweni akiwa na baba mdogo anayekohoa na binamu mwenye spika.

Mama anakusalimu sana, anasema baridi lisikuzoeshe kukaa ndani. Baba mdogo Rwegoshora anakusalimu, na fimbo yake ya kugongea ameining'iniza karibu na mlango kabisa. Clavery anakusalimu kwa aibu. Msalimie wifi Sperancia, mwambie vitenge alivyonitumia nimeshona kimoja, kingine nakisubiri Agosti. Wabusu watoto. Mungu wako ambaye ni wangu pia akulinde barabarani, akuongezee sauti, asikupe sababu ya kubaki huko.

Usipokuja, sitakuchukia. Tutaiweka spika ukingoni mwa mtumbwi, na sauti yako itakwenda ukweni bila wewe. Lakini Mzee Polikarpi atakunywa, atafuta mdomo, atauliza tena mkubwa wetu yuko wapi. Na mimi, kaka, nitasimama mbele ya watu wote nimwonyeshe simu.

Ni mimi dada yako nikupendaye, nisiyetulia,
Evaresta