Kujichulia

Jumatatu, 6 Februari 1967

Nimewapaka hina maharusi wawili, mgongo haunyooki. Hospitali leo pia hakwenda mwanamke hata mmoja. Na mimi nilimwapia diwani mbele ya watu kwamba nitawaleta! Mimi, somo niliyefunda nusu ya wanawake wa Msambweni, niliyecheza lelemama Tanga hadi Unguja. Serikali ya uhuru imeondoa ada. Kipimo cha saratani ya kizazi ni bure, na kaunsili imetoa gari la kupeleka Mombasa vioo vinavyopakwa kipimo, vikasomwe. Lakini wanawake wasipojitokeza mwezi huu, gari litapewa kazi nyingine. Anayetaka kupimwa atajipeleka Mombasa mwenyewe. Nani ana nauli?

Jumatano, 8 Februari

Nimebisha kila mlango. Jawabu ni moja: mzima haendi kwa daktari, huko ni kujichulia. Ukilitafuta gonjwa, nalo litakutafuta. Mwanasiti, hasimu wangu wa ngoma, akanichoma kisimani.

"Somo, watutuma tukafunuliwe, wewe mbona hujafunuliwa?"

"Kesho nafunuliwa, mwanangu, na kwa leso mpya!"

Wakacheka. Mdomo huu utaniua. Naogopa.

Alhamisi, 9 Februari

Nimekwenda. Udi, asmini, na ndani nimejiosha kwa maji ya karafuu na marashi, kama biarusi. Muuguzi karibu alie. "Bibi, umeosha chote nilichokuwa nakitaka." Nirudi Jumatatu, nisijioshe ndani. Aibu. Na kujiosha huko ndiko ninakowafunda maharusi.

Jumatatu, 13 Februari

Kijiti ndani, kikapakwa kwenye kioo, basi. Hata mbu huuma zaidi. Nimetoka nikipiga vigelegele hadi barabarani. Wanawake kadhaa wameahidi kwenda. Nani kama mimi?

Alhamisi, 23 Februari

Kioo changu kimeonekana na kitu. Muuguzi asema ni mwanzo tu, nikakatwe palipoharibika huko Mombasa, nitapona. Baada ya hapo sikusikia neno.

Sijamwambia mtu. Wanawake wameanza kwenda, wachache, kwa sababu mimi nilikwenda nikarudi nikicheka. Nikisema, watasema nilijichulia, na hapana atakayekanyaga tena. Nikinyamaza, watakwenda. Basi ninyamaze. Uongo nimeujua tangu utotoni, nimewadanganya hata mabaharia. Huu mbona wanishinda?

Jumamosi, 25 Februari

Arusi Diani. Ngoma imekolea, wananiimba, eti somo simba, kaenda karudi. Sikuweza. Nimesimamisha ngoma, nimesema: nina ugonjwa, umeonekana.

Mwanasiti akadakia: "Si tulikwambia, somo? Umeuita, umeitika!"

"Mwanangu, ukiwasha taa ukamwona nyoka, taa ndiyo iliyomleta?"

Mmoja alicheka. Wengi walikusanya leso zao wakatoka. Mamake biarusi hanitazami. Nimeharibu arusi ya watu.

Jumatatu, 27 Februari

Benchi la hospitali tupu. Walioahidi nao hawakuonekana. Diwani amekuja hadi mlangoni kwangu, shikamoo zake ndefu kama za mtu aliyeleta msiba. Kesho kaunsili inakaa kuamua habari ya gari. Nimemtukana, kisha nimempa chai. Nimekasirika na kila mtu, na mimi wa kwanza.

Jumanne, 28 Februari

Sijui wamesema nini huko kaunsilini. Sikula. Nimefungasha leso mbili na msala wa kusalia. Kukatwa ni kesho kutwa.

Jumatano, 1 Machi

Likoni, nangoja feri. Nimo ndani ya gari lile la kaunsili. Dereva asema kaunsili imeamua litakwenda maadamu lina cha kubeba.

Alfajiri muuguzi alinipa kisanduku nikipakate, njia ina mashimo. Nikakitikisa kidogo. Si kitupu. Vioo vya jana, akasema, wanawake walikuja baada ya magharibi, wamejifunika nyuso.

Sikuuliza majina. Dereva anataka kukiweka chini. Nimemwambia akiache.