Chungu Kibichi cha Bosi

Jumamosi, Bigwa

Eti kurudi kwenye ardhi! Bosi alitupandisha mlimani ofisi nzima, tukafinyange vyungu kwa Bi Mwanahawa, mfinyanzi wa huko, ili "tuungane na jamii". Hata shikamoo hakumpa. Alifinyanga kitu kama kiatu kilichokanyagwa, akapiga nacho picha, kisha akataka kichomwe leo leo, pamoja na vyungu vya akina mama wenzake vya kupeleka sokoni.

"Baba, hicho bado kibichi. Kitapasuka," Bi Mwanahawa alimwambia.

"Weka tu, mama. Udongo ni udongo."

Kilipasuka motoni kwa kishindo, kikavunja vya akina mama karibu vyote. Wao waliinama kuokota vigae. Yeye akacheka, akasema udongo wao mbovu, akanigeukia mimi, karani wake.

"Si ndiyo, Zuhura?"

Mkataba wangu unaisha mwezi huu, na yeye ndiye anayesaini.

"Hapana, bosi. Chako kilikuwa kibichi. Uliambiwa."

"Huyu umlete tena, baba," Bi Mwanahawa akasema. "Wewe baki na kiti chako huko ofisini."

Njia nzima alinipa kisogo. Jumatatu sijui kama atasaini...

Namwogopa sana mtu yule, na simheshimu hata kidogo.