Siku Elfu Moja Bila Ajali

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo kitandani. Ini linaendeleaje, na ile manjano ya macho imepungua? Mimi nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi, kwa hiyo nivumilie.

Jumatatu tulimpasua mama mjamzito kwa dharura. Daktari wetu, yule yule Bwana Haraka, bado hataki sindano iwekwe kwenye bakuli ili kila mtu aichukue mwenyewe. Anataka umpe mkononi, naye akurudishie mkononi bila kutazama. Nikamwomba atumie bakuli. Akanijibu kwamba hapa si jikoni. Hazikupita dakika mbili, sindano ikanizama kidoleni, ikatoboa glavu zote mbili, ya juu na ya chini. Nikapiga kelele, yeye akasema nibadilishe glavu tuendelee. Jamani, alikuwa anashona mtu au gunia?

Vipimo vya yule mama vikatoka: homa ya ini, kama yako. Na chanjo yetu tunaambiwa imeagizwa, tangu enzi zako!

Nikaenda kwa msimamizi kuandikisha kwenye daftari la ajali. Akanikaribisha kiti, akaniita mwanangu, akasema wakaguzi wanakuja wiki ijayo na kile kibao cha ukutani kimefika siku elfu moja bila ajali, nisimharibie. Elfu moja, wakati mfagiaji wetu alichomwa mwezi uliopita na sindano iliyotupwa kwenye mfuko wa taka! Nikamwambia asipoandika yeye, nitaandika mwenyewe. Ndipo akacheka, akanikumbusha jambo ambalo nimekuficha miaka miwili.

Dada, ulipochomwa na ile sindano kazini, uliandikisha. Hukusahau, wala hukuchanganyikiwa kama walivyodai ulipotaka hospitali ikutibu. Ukurasa wako kwenye daftari niliukata mimi, kwa kisu cha kazini, kwa sababu msimamizi aliniahidi cheo. Nikakipata. Na siku ile kwenye kikao walipokuita mwongo, nilikuwa nimekaa pale pale nikitazama viatu vyangu. Mshenzi mimi.

Aliniagiza niuchome moto, nikaogopa. Umo humu kwenye bahasha, una mwandiko wako na saa uliyochomwa, pamoja na maelezo yangu niliyotia sahihi. Wapelekee wale waliokuita mwongo. Wakinifukuza, na wanifukuze.

Nisalimie shemeji na watoto. Sikuombi msamaha leo. Kwanza nikasirikie, ni haki yako.

Ni mimi mdogo wako, uliyenifundisha kazi.