Wanangu wa Kwenye Friji

Mwenzangu uko wapi? Leo nimeaibika, natamani ardhi ipasuke inimeze.

Friji limekufa asubuhi, nikamwita fundi. Anataka tu kufungua mlango, mimi nikaropoka: "Taratibu baba, wanangu wamelala humo!"

WANANGU. WAMELALA HUMO. Kwa mdomo wangu huu huu!

Fundi alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. Bisibisi chini. "Mama... watoto wako wapi?"

Ikabidi nitoe ule mfuko. Si unazijua zile mbegu zangu za msonobari, za kuotesha bonsai, ile miti midogo ya chunguni? Nikamweleza nimezilaza kwenye mchanga wenye unyevu, zikae baridini mpaka zidhani kipupwe kimepita, ndipo ziamke nizipande. Bila baridi zinalala tu.

Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Nami nikacheka. Halafu akaniuliza, kwa upole kabisa: "Na wale wa kuzaa, mama?"

Nikasema yupo mmoja, yuko mbali, ana kazi nyingi.

Akauinua mfuko kwenye mwanga wa dirisha. "Mama, huyu mmoja ameamka."

Kweli! Kimzizi cheupe, chembamba kama uzi. Nimekipanda palepale, fundi akinishikia chungu.

Friji limepona. Fundi kaenda zake. Nikashika simu nimtumie mwanangu picha, nikaona ile ya mwezi uliopita bado hajaifungua.

Basi nimekutumia wewe. Nipe hongera, mwenzangu. Nimejifungua.