Bibi Arusi wa Umeme

Jumatatu, 28 Machi 1955

Mvua tangu alfajiri. Nimelehemu mpini wa sufuria. Kokugonza anasema sufuria yake haikuwa na ubovu. Kweli. Mpini niliuvunja mwenyewe nipate cha kulehemu. Mke wangu ana macho makali.

Mashine hii ya kulehemu kwa umeme imenirudisha utotoni. Fundi Mhindi wa kiwanda cha mbao kaniachia aliporudi kwao. Alikuwa akiungia misumeno. Kuukuu, nzito kama ndama. Unabana chuma kwa koleo lenye meno ya makaa magumu, unakanyaga kanyagio, inanguruma, chuma kinakuwa chekundu bila moshi wala mvukuto. Unagusisha utepe wa fedha, unayeyuka, unaingia kwenye ufa kama maji. Basi. Baba yangu, mhunzi wa Ijumbi, angeninunia mwezi mzima kwa wivu.

Taa ya jirani hufifia nikikanyaga. Asome mchana.

Jumatano, 30 Machi

Ta Kaijage, mpiga tarumbeta wetu kanisani, kaanguka na baiskeli kwenye mteremko wa Kitendaguro. Yeye mzima. Tarumbeta limekatika bomba. Alikuja nalo kifuani kama kitoto kichanga, matope mpaka masikioni. Nilicheka sana. Baadaye sikucheka.

Pasaka ni Jumapili ya wiki ijayo. Alfajiri wapiga tarumbeta huenda makaburini, na Kaijage ndiye huanza, peke yake, tangu enzi ya Wajerumani. Kanisa halina tarumbeta jingine la kumpa. Na meno yake ya mbele yamebaki mawili, moja linacheza. Bila meno hakuna kupiga. Anajua hii ni Pasaka yake ya mwisho kupiga. Mimi najua. 

Fundi mabati wa mjini aliliunga kwa risasi iliyoyeyushwa. Pumzi ya kwanza, kipande kikaruka. Linataka kiungo cha fedha.

Alhamisi, 31 Machi

Aibu. Nilijaribu kwanza kwenye kipande kibovu cha shaba ya njano. Nikakanyaga, nikamgeukia Kaijage nimweleze mimi ni nani. Kugeuka tena, shaba imekuwa uji mezani.

Akasema, "Nyundo ya baba yako iliingia nyumbani kama bibi arusi. Hii umeiingiza kama mbuzi wa wizi. Itakutii vipi, waitu, mwenzetu?"

Ni kweli, wahunzi wa kwetu ndivyo walivyofanya. Nyundo mpya ilipokewa kama omugole, bibi arusi kabisa: ikafunikwa lubugo, nguo ya gome la mti, ikawekewa kahawa ya kutafuna, watu wakanywa lubisi, pombe ya ndizi. Mimi Mlutheri. Yeye pia. Nimemwambia huo ni upuuzi.

Ila ile lubisi haijanitoka akilini.

Jumamosi, 2 Aprili

Leo tumempokea bibi arusi. Lubugo la baba juu yake, kahawa kwenye kisahani. Nikamsifu mbele za watu: mzito, mtulivu, moto wake uko ndani. Kaijage akapiga vigelegele kwa mapengo yake. Lubisi safi sana.

Kokugonza alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Kwa hiyo nimeletewa mke mwenza."

Nikamjibu kwamba huyu angalau hanisemi.

Nimepangiwa kulala sebuleni, na bibi arusi.

Jumatatu, 4 Aprili

Balaa. Nimekwenda kuondoa lubugo nianze kazi, nikakuta Kokugonza kaikalia plagi.

"Omugole hafanyi kazi. Anakaa ndani, anakula, ananenepa, mpaka mama mkwe amtoe nje. Mimi nilifichwa mwezi mzima kwenu, au umesahau?"

Nikamgeukia Kaijage anitetee. Msaliti! Anasema Kokugonza ana haki, tarumbeta lake haliguswi na omugole ambaye hajatolewa. Nusu ya lubisi kainywa yeye, leo ananitolea sheria.

Na huyo mama mkwe angekuwa mama yangu, naye alikwisha kufa zamani.

Naandika hapa tu. Ningeweza kungoja Kokugonza aende shambani, nikachomeka. Sikutaka. Ile shaba iliyokuwa uji imegandia mezani, naiona kila nikipita. Naogopa. Nikiyeyusha bomba la Kaijage, mwakani hakuna.

Jumatano, 6 Aprili

Ijumbi. Basi limekwama matopeni kabla ya Muleba, tumelisukuma sote isipokuwa mwenye nauli ndogo kuliko wote, aliyekuwa na mdomo mkubwa wa kutuelekeza.

Dada yangu Ma Kagemulo ndiye mwanamke mkubwa wa nyumba yetu. Kwa hiyo ndiye mama mkwe wa mashine. Nimemweleza. Kacheka mpaka kiko kikamtoka mdomoni. Halafu kaniuliza, bila kucheka, kama nimesharuhusiwa kurudi chumbani.

Nikasema bado.

Akachukua mwavuli wake.

Jumamosi, 9 Aprili

Jana Ijumaa Kuu, hakuna kazi.

Leo asubuhi Ma Kagemulo kaondoa lubugo, kaushika waya kama mkono wa mtu. "Toka, mwanangu, ukafanye kazi. Mumeo mjinga. Mvumilie, kama mwenzako anavyomvumilia." Kokugonza akacheka, akainuka kwenye plagi, akanimiminia chai. Nadhani na mimi nimetolewa ndani.

Baada ya hapo hakuna aliyecheka. Nikasugua bomba likang'aa. Nikapaka unga wa tinkari, fedha ipate njia. Nikabana. Kosa la juzi nalijua: shaba ya njano haikungojei upige domo. Nikafunga mdomo, nikakanyaga kwa vidole tu, macho kwenye rangi. Wekundu ulipoanza kuchungulia nikagusa utepe. Haukushika. Kaijage akafumba macho. Nikagusa tena. Ukayeyuka, ukauzunguka ufa wote, mweupe. Nikaondoa mguu. 

Kaijage hakulijaribu. Anasema jino limebakiza kazi moja, analitunzia kesho. Mjinga huyu! Sasa sijui kama kiungo kimeshika.

Jumapili, 10 Aprili. Pasaka

Mvua ilituachia. Makaburini umande, watu wameshika taa za mkono. Kaijage akainua tarumbeta. Sikuvuta pumzi.

Sauti ya kwanza ilitetemeka. Ya pili ikasimama. Kiungo kimeshika.

Alipiga beti zote za wimbo ila mmoja. Ule wa mwisho aliwaachia wenzake katikati, akalishusha tarumbeta taratibu.

Nilikuwa nimemwekea mzaha wa meno. Nikauacha.

Tulikaa kwenye majani mabichi, suruali zikalowa. Jua lilitoka ziwani. Yeye akawa anapangusa bomba kwa leso, pale nilipounga, ingawa palikuwa pakavu. Kokugonza alituita tukale. Hatukuinuka mara moja.